Jasho Lililorudi

Kofia ya mkono ya Lamu huanza na vitambaa viwili vyeupe vilivyopandanishwa. Nakshi huchorwa kwa penseli, na kazi yote inayobaki ni ya vidole. Mshonaji hutoboa kijitundu, hukizungushia uzi mweupe, huhamia kijitundu cha pili, na kofia moja nzuri huweza kumla wiki nyingi. Hushonwa barazani, dukani wakati wateja wamepungua, nje ya msikiti baada ya alasiri. Kazi hii inataka macho, subira na viganja vikavu.

Tumchukue mshonaji ambaye viganja vyake havikauki. Amekaa kivulini, kusi inavuma kutoka baharini, na jirani yake pale barazani hana hata tone usoni. Yeye kila akishika sindano maji yanachipuka kiganjani, kwanza kama umande kwenye mistari ya mkono, kisha yanakusanyika na kuteremka kifundoni. Uzi unaingia uchafu na kuwa kijivu. Alama za penseli zinafutika kabla hajazifikia. Anajifuta kwenye kikoi, anashona matundu matatu, anajifuta tena. Sala ikiisha, watu wakigeukiana kupeana mikono, yeye hujifanya anatafuta viatu.

Mshonaji huyu ni wa mfano, lakini hali yake si ngeni. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulikadiria kwamba karibu watu 3 katika kila 100 wa nchi hiyo hutoka jasho kupita kiasi. Madaktari huiita haipahidrosisi. Mara nyingi huanza utotoni au wakati wa kubalehe, na aghalabu huwa yupo ndugu mwingine katika ukoo mwenye mikono ya namna hiyo.

Hapa tunamkuta mshonaji wetu akiwa amefika mbali. Alipaka dawa, haikumfaa. Akasafiri, akapasuliwa kifua, na jioni ileile aliamka na viganja vikavu kama karatasi. Akashona kwa raha misimu miwili ya kaskazi. Kisha jasho likarudi, na sasa anauliza kama anaweza kupasuliwa tena.

Anaweza. Upasuaji wa marudio upo, unafanywa, na kwa baadhi ya watu umefaulu vizuri. Lakini kabla ya kisu cha pili kuna swali moja ambalo likirukwa, mtu huweza kutoka hospitali akiwa na hali mbaya kuliko aliyoingia nayo: ni jasho lipi lililorudi, na limerudi mahali gani?

Ili swali hilo lieleweke, yafaa kujua kisu cha kwanza kilikata nini. Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4, na zimesongamana zaidi viganjani na nyayoni. Tezi hazijiamulii. Huamriwa na mishipa ya fahamu ya mfumo uitwao simpathetiki, uleule unaoupigisha moyo mbio mtu anapotishwa na kupanua mboni gizani. Kiganja kina tabia yake: tezi zake husikiliza hofu, aibu na bidii kuliko zinavyosikiliza joto. Ndiyo maana jasho la mikono huja mtu anapotakiwa kutia sahihi au kushikana mkono na mkwe, na hutulia akilala usingizi.

Dalili hiyo ya usingizi ina thamani kubwa na haigharimu chochote. Anayelowesha shuka usiku ana kisa kingine, na anapaswa kupimwa kifua kikuu, tezi ya shingo, sukari, malaria na dawa anazotumia kabla mtu yeyote hajamtajia upasuaji. Hata aliyewahi kupasuliwa anapaswa kupimwa upya jasho linaporudi, kwa sababu katika miaka iliyopita huenda alipata ugonjwa ambao mwanzoni hakuwa nao.

Amri za jasho la mkono hupita kwenye uzi mmoja wa neva ulioshuka ndani ya kifua, kila upande wa uti wa mgongo, juu ya vichwa vya mbavu. Ukiutazama kwa kamera ni mweupe wenye wekundu kidogo, una mafundo mafundo, kama mshipi wa mvuvi uliofungwa vifundo kwa masafa sawa. Ukiukata uzi huo kwenye ubavu wa tatu au wa nne, amri haifiki na kiganja hukauka.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1920 Anastas Kotzareff aliukata mfumo huo kwa ajili ya jasho lililozidi, enzi ambayo kufika pale kulihitaji jeraha kubwa. Mwaka 1942 Hughes wa Uingereza alieleza namna ya kuingia kwa chombo chembamba chenye lenzi, na kufikia mwaka 1954 Kux wa Austria alikuwa amekusanya kazi zaidi ya 1,400 za namna hiyo, kwa maradhi mbalimbali. Kamera za video zilipoingia vyumba vya upasuaji katika miaka ya 1990, shughuli iligeuka kuwa ya saa chache na vitundu viwili au vitatu chini ya kwapa. Ikaenea haraka, hasa Taiwan na Sweden. Wengi walioipata hawakujutia. Waliojuta pia walikuwepo, na kilio chao kilisikika kiasi kwamba mwaka 2004 Taiwan ilipiga marufuku kuwafanyia vijana walio chini ya miaka 20.

Kilio hicho kilitokana na jasho la fidia. Viganja, na mara nyingine uso na makwapa, vikikauka, mwili hulitoa jasho mahali pengine: mgongoni, tumboni, chini ya matiti, kinenani, mapajani. Ripoti nyingi zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliopasuliwa hupata kiasi fulani cha jasho hili. Kwa wengi ni usumbufu tu wa kubadilisha shati. Kwa wachache ni mateso. Kanzu huganda mgongoni kabla ya rakaa ya pili. Kiti cha mgeni hubaki na alama. Mwanamke aliyeficha viganja vyake chini ya buibui miaka yote hujikuta sasa buibui lenyewe limelowa.

Joto hulizidisha jasho hili, na hapa Lamu hudai hesabu yake yenyewe. Mgonjwa anayepasuliwa mji wa baridi na kuishi mji wa baridi hulipima jasho lake la fidia kwa hewa kavu. Anayerudi Lamu, Pate, Siyu au Faza hulipima kwa kaskazi, katika miezi ya Januari hadi Machi, wakati hewa imejaa unyevu na jasho haliondoki mwilini kwa kukauka. Tone linalotiririka hadi sakafuni halimpoozi mtu. Ni lile linalogeuka mvuke juu ya ngozi ndilo linalochukua joto. Kwa hiyo mgongo unatoa maji mengi na faida yake ni ndogo. Ramadhani ikiangukia miezi hiyo, maji hayo na chumvi yake hutoka mwilini mwa mtu asiyekunywa hadi magharibi.

Sasa turudi kwa anayesema jasho lake limerudi. Daktari makini atamwonyesha viganja na kumuuliza: hapa? Wapo wengi watakaojibu kwamba hapana, mikono bado mikavu, ni mgongo ndio unaolia. Huyo upasuaji wake wa kwanza ulifaulu. Anacholalamikia ni bei yake, na kuukata uzi uleule mara ya pili hakutampunguzia jasho la mgongo. Huweza kumwongezea. Mtu huyu ndiye ambaye marudio hayafai kabisa, na inasikitisha kwamba ndiye mwenye haraka kuliko wote, kwa kuwa anaamini alichopewa ni kazi nusu.

Wa pili ni yule ambaye viganja vyenyewe vimelowa tena. Hapa siku ndizo zinazosema. Ikiwa mikono haikuwahi kukauka hata siku moja, basi neva haikukatwa, au ilikatwa mahali pasipo pake. Kuhesabu mbavu kwa kamera si rahisi kama inavyosikika: ubavu wa kwanza hujificha juu, mafuta hufunika uzi kwa watu wanene, na mshipa mdogo wa damu ukipita karibu mpasuaji huogopa na kusimama mapema. Kuna pia njia za pembeni. Mwaka 1927 mwanaanatomia Albert Kuntz alieleza kijineva kinachotoka usawa wa ubavu wa pili na kupanda hadi kwenye neva za mkono bila kufuata uzi mkuu. Si kila mtu anacho, na hakikai mahali pamoja kwa wote. Aliye nacho huweza kukatwa uzi mkuu vizuri kabisa, na amri ya jasho ikapita uchochoroni.

Ikiwa mikono ilikauka kwa miezi au miaka kisha ikalowa, kinachoshukiwa kwanza ni neva iliyoota. Ncha mbili zilizokatwa zikiachwa karibu, nyuzi changa huweza kuvuka pengo na kushikana. Ndiyo maana wapasuaji wengine huondoa kipande cha uzi badala ya kuukata tu, wengine huchoma ncha zake na kuzitenga, na wengine hubana kwa klipu ndogo za chuma.

Ipo pia hali ya tatu inayohitaji upole zaidi kuliko kisu. Viganja vilivyokauka kama karatasi mwezi wa kwanza hurudisha unyevu kidogo baadaye, unyevu wa kawaida ambao kila binadamu anao na ambao humsaidia kushika karatasi na kufungua ukurasa. Aliyeteseka miaka ishirini akiona unyevu huo hushtuka. Anahitaji kupimwa na kutulizwa.

Kipimo chenyewe kinaweza kufanyiwa mezani. Kilielezwa na Victor Minor mwaka 1928 na hakijapitwa na wakati. Kiganja kinafutwa kikauke, kinapakwa ayodini, kinaachwa dakika chache, kisha kinanyunyiziwa wanga laini kama ule wa mahindi unaopikiwa uji wa mtoto. Mgonjwa anangoja. Panapotoka jasho, vumbi jeupe hugeuka zambarau iliyokoza karibu na weusi, kwanza nukta nukta kwenye matundu ya ngozi, kisha nukta zinaungana kuwa madoa. Mkono wa kulia ukiwa mweusi mzima na wa kushoto ukabaki na rangi ya ayodini tu, daktari amejua kwamba upande mmoja ndio ulioachia, na kwamba hakuna sababu ya kufungua kifua pande zote mbili. Mgongo ukipakwa vivyo hivyo, jasho la fidia nalo hujichora. Ramani hiyo ipigwe picha. Ni ushahidi wa siku ile, na ndiyo itakayolinganishwa na ramani ya baada ya marudio.

Hati ya pili inayohitajika ni ripoti ya upasuaji wa kwanza. Ni karatasi ambayo wagonjwa wengi hawaiombi wakati wa kuruhusiwa kutoka, na baada ya miaka kadhaa huwa vigumu kuipata. Ndani yake mpasuaji aliandika alikata ubavu wa ngapi, kama alibana au alichoma, na kama aliona mishipa ya pembeni. Zamani maandishi haya yalichanganya, kwa sababu wengine walihesabu mafundo na wengine mbavu. Mwaka 2011 jopo la wataalamu lililoitishwa na chama cha wapasuaji wa kifua cha Marekani lilipendekeza wote waandike kwa namba ya ubavu, na kwamba kwa jasho la viganja kazi ifanyike juu ya ubavu wa tatu au wa nne. Jopo lilieleza kwamba kushuka hadi wa nne pekee huacha viganja na unyevu kidogo, lakini huweza kupunguza hatari ya jasho la fidia. Kwa mtu wa pwani yenye joto, mabadilishano hayo yanastahili kuzungumzwa kwa kirefu, na ni afadhali yangezungumzwa kabla ya kisu cha kwanza.

Marudio yenyewe hufanywa kwa usingizi kamili. Daktari wa usingizi huzuia hewa isiingie pafu la upande mmoja, pafu linasinyaa, na nafasi inapatikana ya kupitisha kamera. Mara ya kwanza nafasi hiyo ilikuwa safi: pafu la rangi ya waridi likiteremka lenyewe, mbavu zikionekana kama mataruma ya jahazi linaloundwa Matondoni, na uzi mweupe juu yake. Mara ya pili mandhari si ileile. Jeraha la zamani limeacha utando. Pafu limegandamana na ukuta wa kifua, mahali pengine kwa nyuzi nyembamba kama za buibui, mahali pengine kwa kovu gumu. Mpasuaji analazimika kuliambua kidogo kidogo, kwa subira ileile ya mshonaji wa kofia, maana akivuta kwa pupa pafu hupasuka na kuvuja hewa. Kovu likizidi huenda akasimama na kukiri kwamba njia hii haipitiki.

Akifika kwenye uzi, hutafuta kovu la zamani, daraja lililoota, na kijineva cha Kuntz. Wakati huo kipimajoto kidogo kimebandikwa kwenye kiganja cha mgonjwa. Neva ikikatwa sawasawa mishipa ya damu ya mkono hutanuka, na joto la kiganja hupanda, mara nyingi kwa nyuzi 1 au zaidi, ndani ya dakika chache. Wote chumbani huitazama namba hiyo. Ikikataa kupanda, kazi haijaisha.

Hatari iliyo juu kabisa, kwa maana ya mahali, ni fundo la nyota, lililoko karibu na ubavu wa kwanza. Likijeruhiwa kope ya upande huo hulegea, mboni husinyaa, na nusu ya uso huacha kutoka jasho. Kovu la zamani huficha alama, hivyo mpasuaji wa marudio husogea karibu na hatari hii kuliko wa mara ya kwanza. Ripoti iliyotolewa Taiwan mwaka 2001 ilichambua wagonjwa 42 waliorudiwa kwa kamera, na inatajwa mpaka leo kuonyesha kwamba marudio yanawezekana na yana matokeo mazuri katika mikono yenye uzoefu. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza mpasuaji amefanya marudio mangapi kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna pia upasuaji wa kurudi nyuma. Waliobanwa kwa klipu, wengine wametolewa klipu hizo wakitumaini neva itaamka. Mwaka 1998 Timo Telaranta wa Finland alieleza namna ya kuuunganisha uzi uliokatwa kwa kipande cha neva kilichochukuliwa mguuni. Wapo waliopata nafuu ya jasho la fidia, na wapo ambao hawakuona tofauti. Hakuna anayepaswa kukubali kisu cha kwanza kwa kuahidiwa kwamba kinaweza kufutwa.

Kabla ya marudio, matibabu yaliyoachwa njiani huenda yakafaa sasa. Pwani inaijua shabu, jiwe jeupe linalokaza ngozi. Ni chumvi ya alumini, na dawa ya kwanza ya madaktari kwa jasho ni ndugu yake, kloridi ya alumini, inayopakwa usiku kwenye ngozi kavu na kuoshwa asubuhi. Huwasaidia wenye makwapa zaidi kuliko wenye viganja. Sindano za sumu ya botulinamu, zilizoidhinishwa Marekani kwa makwapa mwaka 2004, hukausha kwa miezi kadhaa kisha hurudiwa. Kiganjani huuma sana, na huweza kulegeza mshiko kwa muda, jambo zito kwa anayeishi kwa sindano ya kushonea.

Njia inayostahili kuangaliwa zaidi Lamu ni ayontoforesisi. Mgonjwa hutia viganja kwenye mabakuli mawili ya maji yanayopitishwa umeme mdogo, kwa dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki hadi vikauke, kisha mara moja moja kuhifadhi hali hiyo. Hata aliyekwisha kupasuliwa huenda akaweza kuitumia kwa jasho la mikono, baada ya kumuuliza daktari. Haiwafai wajawazito wala wenye mashine ya moyo. Maji laini mno hayapitishi umeme vizuri, na wenye maji ya namna hiyo huambiwa waongeze magadi ya kuokea (baking soda) kidogo. Maji ya visima vya Lamu yana madini na chumvi yake. Hata yale matamu yanayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, yanayotegemewa na mji mzima, si maji matupu. Yale ambayo mpika chai huyalalamikia, bakuli la matibabu huyapokea vyema.

Vidonge vinahitaji onyo. Dawa kama oksibutinini hupunguza jasho la mwili mzima, na kwa mwenye jasho la fidia hiyo huwa nafuu ya kweli. Lakini nahodha aliyemeza kidonge asubuhi akashinda juani kati ya Manda na Kiwayu amejinyima kipoozeo cha mwili. Joto la ndani hupanda, ngozi ikiwa kavu. Kinywa hukauka, mkojo huweza kuzuilika kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyokua, na wenye shinikizo la macho huweza kudhurika. Kipimo kianze kidogo, na siku za kazi ya juani daktari aambiwe.

Akiamua marudio, mshonaji wetu ana safari. Hospitali ya King Fahd mjini Lamu inaweza kumpima na kumwandikia rufaa, lakini upasuaji wa kifua kwa kamera utampeleka mbali. Njia ya bei nafuu ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa. Njia ya haraka ni ndege kutoka Manda.

Wakati wa kurudi, ndege hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Baada ya kifua kufunguliwa, hewa kidogo huweza kubaki kati ya pafu na mbavu. Angani shinikizo hushuka, hewa hiyo hutanuka, na pafu ambalo lilikuwa linapumua vizuri chini huweza kubanwa juu. Picha ya eksirei ipigwe kabla ya tikiti kukatwa. Ikiwa hewa ilibaki, madaktari wengi humtaka mgonjwa angoje mpaka picha ionyeshe imekwisha, kisha wiki moja zaidi. Wiki hiyo ya kukaa kwa jamaa Nairobi au Mombasa iingizwe katika bajeti tangu mwanzo, pamoja na chakula na nauli ya anayemsindikiza.

Katika bahasha ya plastiki, isiyopenywa na maji ya boti ya Mokowe, arudi na vitu vitatu: picha ya eksirei, picha za viganja vyake vikiwa na wanga na ayodini, na ripoti ya upasuaji iliyoandikwa namba ya ubavu. Kisha asubiri kaskazi ianze, akae barazani na kitambaa kipya cheupe, na ashone kwa wiki mbili kabla ya kumwambia daktari wake mikono ikoje na mgongo ukoje.